Fomu ya Waathirika

Nilipewa meza, kiti cha plastiki,
kalamu tatu, wino wa dole gumba
na bunda la fomu lenye harufu ya mashine.
Ofisi ni darasa la chekechea, Mokowe.
Ukutani nyuma yangu wamemwacha samaki wa chaki,
jicho moja, anatabasamu.

Jina. Kitambulisho. Simu. Chombo. Hasara kwa shilingi.
Nauliza kwa mpangilio huo huo,
na watu hunijibu kama wanavyomjibu daktari,
wakianzia mbali na panapouma.

Mzamiaji wa kambamawe alisema maji yamekuwa uji:
"Nanyosha mkono, siuoni mkono wangu.
Kamba nitamwonaje?"
Nikaandika *uoni hafifu*.
Haikuwa na safu yake.
Niliibana pembeni, karibu na tundu la faili.

Saa saba mchana akaingia Bi Mwanamkuu Shekue,
mshika kaa wa mikoko ya Kililana,
matope yamemkaukia hadi magotini kama soksi.
Hakuketi. Aliweka kopo la siagi mezani, akalifunua.

Kasa. Si mkubwa kuliko kibiriti.
Pezi moja limelazwa bapa na gurudumu.

"Na huyu mwandike."

"Bibi, hii ni fomu ya watu."

"Amefia ndiani, ndia ya malori.
Amezawa usiku, akaona taa za winchi zang'ara,
akadhani kule ndiko bahari.
Nani alomwambia taa si bahari?"

Nilicheka, kwa kuwa foleni ilikuwa ikinitazama.
Yeye alifunga mtandio, akatoka,
akaniachia kopo.

Sasa niseme na langu.
Zile taa huwashwa na ndugu yangu, Bwanaadi.
Ana kofia ya njano na mshahara wa tarehe tano,
na karo ya wanangu wawili hutoka mfukoni mwake.
Bandari hii imetulisha.
Sili kwa kijiko cha mtu nikakitukana kijiko.
Lakini kopo lilikuwa mezani,
na inzi wameanza kuja.

Jioni nilitwaa fomu safi.

Jina: hana.
Kitambulisho: magamba kumi na matatu mgongoni. Nimeyahesabu mara mbili.
Simu: niliruka.
Chombo: yeye mwenyewe.
Hasara: hapa kalamu ilisimama.
Wangapi hufika majini, wangapi hurudi,
na akirudi ni baada ya miaka ishirini na ushei,
kutaga mchanga ule ule.
Sijui shilingi ya mwaka huo itanunua nini.

Nguva sikumwandika.
Babangu alimwona mara moja, mgongo tu,
akichunga nyasi za chini ya maji
taratibu, kama mtu anayekula kwa watu.
Nyasi zile zimelala chini ya tope
la mtambo unaochimba kina.
Nilitaka kumfungulia fomu yake,
ila fomu yataka shahidi aliye hai.

Nilimpigia Bwanaadi. Nikamuuliza,
miezi ya kasa kuanguliwa, haziwezi kuzimwa,
angalau zile za upande wa mchanga?
Nyuma yake kulikuwa na king'ora na vyuma vikigongana.
"Swichi haiko kwangu," alisema.
Akanyamaza. "Wa ngapi huyo?"
"Ndiye nilioletewa."
"Mimi nimeona zaidi," akasema, na simu ikakatika,
au aliikata.

Ilibaki sahihi ya mdai.
Nililigusisha pezi zima kwenye wino,
nikalibandika juu ya nukta za mstari.
Likaacha alama nyembamba, iliyopinda, kama koma.

Msimamizi alikuja asubuhi, akahesabu bunda,
akagonga muhuri moja baada ya nyingine bila kusoma,
akafunga kwa kamba, akapakia garini.

Alhamisi Bi Mwanamkuu alirudi.
Hakuuliza fidia, wala fomu imefika wapi.
Alitaka kopo lake.